Magurudumu Matatu kwenye Barabara ya Kalundu

— Sikai tena ndani ya kile kintu chako, Cyprien. Nimekuya kukuaga tu.

Mukarusanga alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa garaji, mguu mmoja ndani, mwingine bado nje, kama mtu asiyejua kama amekaribishwa. Alikuwa ametoka kazini materinite, kwenye wodi ya wazazi, gauni lake jeupe likionekana chini ya kitenge. Cyprien, aliyekuwa amelala chali chini ya motokari yake, alitoka haraka mpaka akajigonga kichwa.

— Kuniaga? Unaenda wapi?

— Juu, Bijombo. Baba anashuka wiki hii kunichukua. Ndugu za Manassé wanangojea jibu la posa.

Cyprien alimjua Manassé kwa kusikia tu. Mfugaji kijana wa milimani, mwenye ng'ombe wazuri na heshima kanisani. Hakuna mtu aliyewahi kumsema vibaya, na hilo ndilo lililomuuma.

— Unamupenda?

— Manassé ni muntu muzuri.

— Sikukuuliza hiyo.

Mukarusanga alishika bega lake la kulia, lile lililovunjika mwaka jana. Lilikuwa limepona, lakini mkono wake ulikuwa na desturi ya kwenda pale kila moyo ukivurugika.

Watu wote wa mtaa wa Songo waliijua habari ya bega lile. Uvira nzima ilikuwa inajua, maana wakati ule, mwaka wa nne tangu Uhuru, hapakuwa na motokari nyingine kama ya Cyprien kuanzia Kalundu mpaka bondeni Ruzizi. Aliiunda mwenyewe kwa pikipiki nzee na vyuma vya gari lililoachwa Kiringye na mwenye shamba Mzungu aliyeondoka. Haikuwa na paa wala milango. Mbele gurudumu moja, nyuma mawili, viti viwili vya chini, na mbio za kutisha. Jumapili alimpakia Mukarusanga, wakaenda kwa upepo. Mpaka Jumapili moja, kwenye kona ya mlima baada ya Kalundu, gurudumu la mbele lilipogoma, motokari ikapinduka, naye Mukarusanga akatupwa kwenye mawe.

Baba yake alishuka akamchukua. Aliporudi kazini baada ya kupona, Mukarusanga hakukanyaga tena pale garajini. Cyprien alimtumia salamu kupitia Consolate, shangazi aliyekaa naye Songo, salamu zikarudi bila jibu.

— Miezi yote hii unanikimbia kwa sababu ya bega? aliuliza Cyprien.

— Bega? Bega linavunjika, linapona. Nilikuwa chini, nalia. Nikakuona unasimama. Nikasema moyoni, sasa anakuya. Weye ukaenda kwa motokari kwanza.

Cyprien aliinama. Alichukua kitambaa, akaanza kupangusa mikono yake ambayo haingesafika hata kwa mchanga wa ziwani.

— Nilienda kufunga tangi la esansi, yale mafuta. Ilikuwa inamwagika karibu na miguu yako. Mutambo ulikuwa bado wa moto. Ingeshika moto, ingekuchoma.

Mukarusanga alimtazama kama aliyepigwa kofi.

— Juu ya nini hukuniambia?

— Kwa sababu haikuwa hiyo tu. Nilipomaliza kufunga, nikatazama gurudumu. Nikataka kujua limevunjika wapi. Kidogo tu. Kisha nikageuka, nikakukuta unaniangalia.

— Ungeniambia hiyo ya esansi peke yake, ningekusamehe zamani.

— Najua.

— Sasa?

— Sasa ungekuwa umesamehe muntu mwingine, hapana minye.

Nje mwanamke alipita akinadi samaki wake, ndagala wabichi. Mukarusanga aliingiza mguu wa pili ndani ya garaji. Ndipo akaiona vizuri motokari yenyewe.

Haikuwa ile. Cyprien alikuwa ameivunja yote na kuianza upya. Sasa magurudumu mawili yalikuwa mbele, yameachana kama miguu ya mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Gurudumu moja lilikuwa nyuma, likivutwa na mnyororo. Viti vilikuwa vimeshushwa mpaka karibu na udongo, na upande wa abiria palikuwa na chuma cha kushikia, kimezungushiwa ngozi ya ng'ombe.

— Ile ya kwanza iliundwa kwa kichwa cha muntu anayetaka kukimbia, alisema Cyprien. Hii niliiunda nikifikiri kuhusu muntu anayekaa pembeni yangu.

— Nani amekaa?

— Hakuna. Octave anayenisaidia hapa garajini aliomba mara nyingi, nikakataa.

Mukarusanga alizunguka ile motokari polepole. Aligusa ngozi ya kile cha kushikia. Akafunga kitambaa chake cha kichwa kwa nguvu, mafundo mawili.

— Iwashe.

— Mukarusanga, sikukuomba.

— Nimesikia. Iwashe. Twende kwenye ile kona.

Kukaa kwenyewe kulikuwa kazi. Kwanza unaingiza mguu, halafu unajishusha, halafu unajikuta uko chini kuliko ulivyofikiri, magoti mbele, dunia yote imekuwa ndefu. Mbuzi aliyekuwa amesimama njiani alimtazama Mukarusanga macho kwa macho.

— Cyprien, mbuzi ananisalimia.

— Mujibu.

Mutambo ulilia, ukakohoa, ukatulia kwenye sauti nzito ambayo Mukarusanga aliisikia mgongoni kabla ya kuisikia masikioni. Walitoka Songo taratibu, watoto wakipiga kelele, wanawake wakishika vinywa. Walipofika kwenye barabara ya Kalundu, Cyprien akaiachia.

Upepo ulimvaa usoni kama maji. Si upepo wa dirishani. Huu ulikuja wote, kutoka mbele, pembeni na chini, na ndani yake mlikuwa na harufu za barabara nzima: moshi wa samaki, mawese, udongo ulionyeshewa asubuhi. Kushoto ziwa lilikuwa wazi, bluu mpaka milima ya Burundi. Kulia mlima ulisimama karibu sana, akahisi angenyosha mkono angechuma majani. Ile ya kwanza ilikuwa ikirukaruka kama mbuzi. Hii ililala barabarani. Penye mashimo ilitikisika, lakini haikubabaika.

— Unasikia nini? Cyprien alipaza sauti.

— Vumbi mdomoni!

— Na ingine?

— Kuna bomba linanichoma mguu!

— Nitalifunika! Na ingine?

Mukarusanga aliiona kona. Mwamba uleule, mti uleule umeinama kuelekea maji. Mikono yake ilikamata chuma cha ngozi mpaka vidole vikauma. Alisikia sauti ya mutambo ikishuka. Cyprien alikuwa amepunguza mwendo, na alikuwa anazidi kupunguza.

— Nisimame?

— Hapana.

— Nipite polepole?

— Pita kama unavyopita ukiwa peke yako.

Cyprien alimtazama mara moja tu, kisha akazungusha volan. Mwili wa Mukarusanga ulisukumwa upande wa dereva, bega lake la kushoto likagonga la Cyprien na kubaki pale. Alingoja ile hali ya kuinuliwa, ile aliyoiota usiku mwingi. Haikuja. Magurudumu mawili ya mbele yalishika barabara, la nyuma likafuata, na kona ikabaki nyuma yao.

Alianza kucheka. Kisha akalia. Cyprien alisimamisha motokari pembeni, akazima, akaruka nje, akazunguka mpaka upande wake na kupiga magoti mavumbini.

— Umeumia wapi?

— Hakuna.

— Unalia.

— Niache nilie. Ni vizuri.

Walikaa pale mawimbi yakipiga mawe chini yao. Vumbi lilikuwa limempaka Mukarusanga uso wote, isipokuwa mistari ya machozi. Cyprien alitaka kumpangusa, akaona mikono yake ni michafu zaidi, akaacha. Mukarusanga aliuchukua mkono wenyewe na kuuweka shavuni.

— Uniulize tena, alisema.

— Nikuulize nini?

— Ile ya Manassé.

— Unamupenda?

— Hapana. Sasa uniulize ingine.

Cyprien akamuuliza ile nyingine. Wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu chini ya miamba walisikia mwanamke akisema ndiyo kwa sauti kubwa, wakainua vichwa, wakaendelea na nyavu zao.

Lakini ndiyo ya Mukarusanga ilikuwa na mlango mmoja zaidi wa kupita, na mlango huo ulifika Songo siku hiyohiyo ya Jumatano, umevaa kofia nyeusi na kushika fimbo. Mzee Ndagijimana, baba yake, alikuwa mzee wa kanisa huko Bijombo. Watu wa kwao walisema akikuambia mvua imenyesha, huna haja ya kutazama chini. Alikuwa ameshuka mlima kwa miguu na goti lake moja lilikuwa limevimba.

Cyprien alienda kumwona nyumbani kwa shangazi Consolate, amevaa shati jeupe na amejisugua mikono mpaka ngozi imekuwa nyekundu.

— Karibu, kijana. Kaa, alisema mzee. Wewe ndiye uliyemwangusha mtoto wangu?

— Ndiyo, muzee. Ni minye.

— Na unakuja kuniomba yeye.

— Ndiyo, muzee.

Mzee alinyosha goti lake, akakunja uso.

— Sikuchukii. Watu wa ziwani nimekaa nao, nimeuza ng'ombe kwao, nimekula kwao. Lakini sikiliza. Nchi imechafuka. Kule bondeni watu wanasema waasi wamekaribia. Siku kama hizi mzazi anataka mkwe anayetulia mahali. Wewe unapenda kitu kinachokimbia.

— Baba, alisema Mukarusanga kutoka mlangoni, minye nimekaa ndani yake tena. Leo hii.

Mzee aligeuka polepole.

— Umekaa?

— Nimekaa. Ameijenga upya. Haipinduki.

— Mtu aliyeanguka mtini hapandi tena kumfurahisha aliyemwambia apande.

— Sikupanda kumfurahisha. Nilipanda kwa sababu nilitaka kujua kama bado naogopa.

— Na bado unaogopa?

— Ninaogopa kukukosea, Baba. Lile lingine limekwisha.

Mzee hakukasirika, ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika.

— Jumamosi tunapanda, alisema mwishowe. Jibu la Manassé nitalitoa nikifika nyumbani. Kijana, nenda kwa amani.

Jumamosi haikufika kama walivyoipanga. Ijumaa asubuhi milio ya bunduki ilisikika upande wa Kavimvira. Kwanza mmoja mmoja, kisha mingi kama mahindi kwenye sufuria. Wenye mitumbwi walikimbilia ziwani kuvuka Burundi. Wengine walishika njia za milima, magodoro kichwani, kuku mkononi. Mukarusanga alifika nyumbani akikimbia, akamkuta baba yake amesimama uani akijaribu kutembea. Goti lilikuwa limekuwa kama kibuyu.

— Tangulieni, alisema mzee. Mimi nitakuja.

— Utakuya na nini, Baba?

Kabla hajajibu, walisikia ule mutambo. Cyprien alisimama mbele ya ua, uso umejaa vumbi.

— Muzee, ingia. Nakupeleka mpaka chini ya njia ya Bijombo.

— Mchukue binti yangu.

— Minye nina miguu, alisema Mukarusanga. Nitapita njia ya mlimani na shangazi. Tutakutana kule. Ingia, Baba, nakuomba.

Mzee aliikagua ile motokari kama anavyokagua ng'ombe wa kununua.

— Mlango uko wapi?

— Haiko, muzee.

— Na paa?

— Haiko.

— Ulisahau?

— Hapana, muzee. Ndivyo ilivyo.

Cyprien, Mukarusanga na shangazi walimshusha kitini, fimbo katikati ya magoti, kofia imeshikwa kwa mkono. Cyprien na mzee wakaondoka. Macho ya mzee yalikuwa yamefumbwa na midomo ilikuwa inaomba. Baada ya Kalundu akafumbua jicho moja, kisha la pili.

— Udongo unapita karibu sana.

— Ndiyo, muzee.

— Ni kama kukaa mgongoni kwa ndama anayekimbilia mama yake. Nilifanya hivyo nikiwa mtoto. Alinitupa.

Cyprien hakujua kama acheke. Kona ikatokea mbele.

— Ni hapa? aliuliza mzee.

— Ni hapa.

— Siku ile ulipunguza?

— Hapana, muzee. Sikupunguza.

— Leo?

— Leo nimepunguza tangu kule nyuma.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Walipita kona, fimbo yake haikuhama hata kidogo. Upande wa pili wa kona, gogo lilikuwa limelazwa barabarani.

Waliolilaza walikuwa waasi, vijana wenye mikuki na bunduki chache, majani yamefungwa kichwani. Mkubwa wao, aliyevaa kofia ya polisi, alizunguka motokari huku akiipigapiga.

— Weye ninakujua, alimwambia Cyprien. Unatengeneza malori ya jeshi.

— Natengeneza ya kila muntu anayeleta.

— Basi utatengeneza yetu. Shuka. Unakwenda na sisi mbele.

Kijana mmoja alimshika Cyprien kola na kumvuta nje. Mwingine alimwelekezea mkuki kifuani. Mzee Ndagijimana alisimama. Jinsi alivyotoka kwenye kile kiti cha chini, peke yake, na goti lile, Cyprien hakuelewa hata baadaye. Aliona tu kofia nyeusi imesimama kati yake na mkuki.

— Mwachie, alisema mzee. Huyu ni mkwe wangu.

Mkubwa akawatazama mmoja baada ya mwingine.

— Weye muntu wa juu, yeye muntu wa ziwani. Mukwe ginsi gani?

— Ameoa binti yangu. Ananipeleka nyumbani kwa sababu siwezi kutembea. Ukimchukua, mimi nakufa hapa njiani, na mwanangu anabaki bila baba na bila mume kwa siku moja.

— Bibi yako anaitwa nani? mkubwa alimgeukia Cyprien ghafla.

— Mukarusanga.

Alilitamka jina lile kwa namna ambayo hata aliyeshika kola yake alilegeza vidole. Labda mkubwa naye alikuwa na baba mahali fulani, hajui kama amevuka au hajavuka.

— Chukua muzee wako, muende, alisema. Motokari inabaki.

Mmoja wao aliyejua pikipiki aliketi kwenye volan. Mutambo ukakohoa, ukashika, na ile motokari ya magurudumu matatu ikaondoka kuelekea Uvira, ikiyumbayumba kama mlevi, vijana wawili wamening'inia nyuma. Cyprien alisimama akiitazama. Machozi yalimtoka, akajaribu kuyaficha.

— Tazama mpaka iishe kuonekana, alisema mzee. Na mimi ng'ombe wangu akiibwa namtazama hivyo hivyo. Si aibu.

Ilipopotea, Cyprien aliinama, akambeba mzee mgongoni.

Mukarusanga na Consolate waliwakuta chini ya njia ya mlima, jua likiwa bado juu. Cyprien alikuwa amelala majanini, shati limelowa jasho. Mzee alikuwa ameketi wima juu ya jiwe.

— Motokari iko wapi? aliuliza Mukarusanga.

— Imekwenda, alisema baba yake. Kaa chini, mwanangu. Nimesema uongo leo.

— Weye, Baba?

— Mimi. Mbele ya watu wenye bunduki, nimesema huyu ni mkwe wangu.

Consolate alishika mdomo. Cyprien aliinuka akakaa.

— Muzee, ulisema kuniokoa. Mungu anaelewa.

— Mungu anaelewa. Mimi ndiye sielewi. Nimekaa hapa nataka kutubu, kila nikianza, maneno yanakataa. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilipoyasema hayakukaa mdomoni kama uongo.

Alimgeukia binti yake.

— Manassé sijampa jibu, nitaenda kwao mwenyewe. Sasa nakuuliza, sikuamuru. Uongo huu tuutubu, au tuufanye kuwa kweli?

Mukarusanga alimtazama Cyprien, ambaye hakuwa tena na garaji wala motokari wala shati safi.

— Sina hata kintu cha kukupakia, alisema Cyprien.

— Nimetembea toka Songo, nani ameniona nikilalamika?

Kisha akapiga magoti mbele ya baba yake, akashika mikono yake miwili.

— Tuufanye kweli, Baba.

Walipanda pamoja, Cyprien na vijana wengine waliokuwa wakikimbia wakipokezana kumbeba mzee. Huko Bijombo baridi ilimkamata Cyprien, meno yakagongana, watoto wakamcheka mtu wa ziwani anayelala amevaa makoti mawili. Alitengeneza majembe, mashine ya kushonea, hata kengele ya kanisa. Mama yake, Marie, aliyekuwa amekimbilia milimani kwa njia nyingine, alifika akiwa hai, na siku hiyohiyo wakapanga arusi.

Kanisa la nyasi lilijaa. Wenyeji walileta maziwa, waliokimbia kutoka ziwani walileta nyimbo zao, maana hawakuwa na kitu kingine cha kuleta. Mukarusanga alivaa gauni lake jeupe la materinite, limefuliwa na kupigwa pasi ya makaa. Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno la kuzuia ndoa hii.

Mzee Ndagijimana akasimama.

Vichwa vyote vikageuka. Mukarusanga aliusikia mkono wa Cyprien ukipoa ndani ya mkono wake. Mchungaji alishusha kitabu.

— Ndiyo, Mzee Ndagijimana? Una neno?

— Sina neno, Mchungaji. Endelea. Nimesimama nione vizuri.